Hotuba ya Mwenyekiti: Jinsi Tulivyomtoa Samaki Mgeni na Kumrudisha Gege Wetu

  

Kwanza kabisa namshukuru Mwenyezi Mungu aliyetufikisha siku hii ya leo tukiwa hai. Pili nawashukuru wote mlioacha mashamba yenu mkaja kukaa na sisi hapa Chitete kusherehekea miaka kumi ya kikundi chetu. Wapo tuliowaanza nao ambao leo wamelala. Tunawaombea.

Ndugu Mgeni Rasmi, habari za mapato na matumizi atazisoma Mweka Hazina, na zimeandikwa humu katika kijitabu chetu. Habari za mikopo atazieleza Katibu. Mimi nimeombwa na wenzangu nizungumzie jambo moja tu, nalo ni samaki. Wengine watashangaa, kikundi cha kuweka na kukopa kina habari gani na samaki? Subirini mtaona. Elimu yangu ni darasa la saba, kwa hiyo nitasema kama tunavyosema kikaoni, na pale nitakapokosea mtanisamehe.

TULIKOTOKA

Tulianza mwaka 2015, wanawake ishirini na wawili, tukikaa chini ya mti kwenye majamvi. Hisa moja ilikuwa shilingi 1,000. Tulikuwa na sanduku la bati lenye kufuli tatu, na funguo zikakaa kwa watu watatu wa nyumba tofauti. Wakati ule wilaya yetu ya Momba ilikuwa bado iko Mkoa wa Mbeya. Mkoa wa Songwe umezaliwa mwaka 2016. Kwa hiyo kikundi chetu ni kaka wa mkoa, na mkoa utusalimie shikamoo!

Miaka ile mitatu ya kwanza tulikopeshana fedha za ada, mbegu za ufuta, bati, na mtaji wa kuchukua mchele Kamsamba kwenda kuuza Tunduma. Mwisho wa mwaka tunagawana. Lakini fedha ya mgao ikifika nyumbani ina miguu. Wiki mbili haipo. Ndipo mwaka 2018 tukasema jamani, na tuwe na mradi mmoja wa pamoja, unaoonekana kwa macho.

Tukachagua mabwawa ya samaki. Sababu ni rahisi. Samaki tunaokula hapa wengi wanatoka Ziwa Rukwa, wanaletwa kwa pikipiki wakiwa wamekaushwa kwa moshi, na bei inapanda kila mwaka. Mtoto anakula ugali na mboga ya majani mwezi mzima. Tukaona tukifuga wenyewe tutakula na kuuza.

Kiangazi cha mwaka huo tulichimba mabwawa mawili kwa jembe la mkono na karai. Kila mwanachama alikuwa na zamu yake. Wajawazito walileta maji ya kunywa, na hata huyo alihesabiwa zamu. Wanaume zetu walitucheka, wakasema tunachimba kaburi la tembo. Lakini mabwawa yalikwisha na maji yakaingia kutoka kijito.

KOSA LETU

Sasa hapa nataka niseme ukweli, maana kijitabu hiki watakisoma watoto wetu.

Alikuja mfanyabiashara mmoja wa vifaranga vya samaki. Akasema anao sato, samaki wa kisasa, anakua upesi, anakula pumba, hana shida. Tulikuwa na haraka, mabwawa yamejaa maji na majirani wanauliza samaki wako wapi. Mimi ndiye niliyeweka saini tukatoa shilingi 600,000 kwenye sanduku. Sikumuuliza mtaalamu, sikuuliza wazee. Nilimuuliza muuzaji tu. Na muuzaji wa mbuzi hakuambii kwamba mbuzi anakohoa.

Niseme haki, sato alikua. Mavuno ya kwanza tulikula, tukauza, tukarudisha fedha ya sanduku na faida ndogo juu. Nikatembea kifua mbele. Nikajiona mwenyekiti kweli kweli.

Ikaja mvua ya msimu wa 2019 kuingia 2020. Wote mnaikumbuka mvua ile, nchi nzima ililia. Usiku mmoja ukingo wa bwawa la chini ukakatika. Asubuhi tulikuta matope na vyura. Samaki wote wameshuka na kijito, wameingia kwenye dimbwi letu la bondeni, na wengine bila shaka wamekwenda zaidi.

Tukahuzunika kwa ajili ya fedha. Mwenzetu mmoja akasema basi, Mungu amewagawia majirani. Tukacheka, tukajenga ukingo upya, tukapandikiza tena wale waliobaki bwawa la juu. Hakuna aliyefikiri kwamba kuna kosa jingine zaidi ya fedha kupotea.

Ndugu wageni, dimbwi lile wenyeji mnalijua. Masika linaungana na kijito, kiangazi linakatika peke yake na kunywea. Ikifika mwezi wa kumi akina mama na watoto tunashuka na matenga, tunachota maji mpaka tope, tunavua. Bibi zetu walifanya hivyo, na mama zetu. Samaki tuliowazoea ni gege na kambale, na wale wadogo wadogo wa kuchanganya na karanga.

Mwezi wa kumi mwaka 2020 tulishuka kama kawaida. Samaki walikuwa wengi na wanene, tukapiga vigelegele. Lakini alikuwepo bibi mmoja, mama mzazi wa mwenzetu, alikuwa amekaa ukingoni akipanga samaki kwenye ungo. Akachukua mmoja, akamgeuza, akachukua wa pili, akamgeuza. Akasema, "Hawa wana mistari mkiani. Hawa si wa kwetu. Wa kwetu yuko wapi?"

Tukaanza kuchambua. Tulikuta mabeseni manne ya sato. Gege walipatikana nusu beseni, na wengine hata haikueleweka ni gege au ni sato, mkia una mistari nusu. Bibi yule akaniangalia mimi. Hakusema neno. Jamani, afadhali angenitukana.

TULIYOFUNDISHWA

Nikaenda kwa mtaalamu, mwaka mmoja na zaidi umechelewa. Mtaalamu wa uvuvi aliyekuja kwetu ni msichana mdogo, umri wa binti yangu wa tatu, lakini sisi tulimwita Bwana Samaki vivyo hivyo, kama tulivyozoea kusema Bwana Shamba. Alikaa nasi jioni tatu. Mimi niliandika kwenye kaunta buku, na haya ninayosoma yanatoka humo.

Alianza na mkia. Sato mwenye asili ya huko mto Nile ana mistari ya kusimama iliyopangwa vizuri mkiani. Gege wetu hana mistari ile. Akasema gege huyu tunayemdharau ana jina la kitaalamu, na katika jina hilo limo neno Rukwa. Yaani wazungu walipomwandika kwenye vitabu walimwita kwa jina la ziwa letu. Mimi nilikuwa sijui. Nimemla miaka hamsini bila kujua kuwa ana jina kubwa hivyo.

Akasema sato na gege ni ndugu, kwa hiyo wanaoana na kuzaa machotara. Chotara akizaa na chotara, na sato akaendelea kumpokonya gege chakula na mahali pa kutagia, baada ya miaka utakuta samaki dimbwini, lakini gege mwenyewe hayupo. Amemezwa polepole bila kuliwa.

Mmoja wetu akauliza, kwani kuna ubaya gani? Samaki ni samaki, sufuria haiulizi kabila. Tulicheka sana. Bwana Samaki naye alicheka, halafu akatueleza habari ya Ziwa Victoria.

Kule Ziwa Victoria samaki wa chakula aliyekuwa maarufu aliitwa ngege. Mwaka 1927 na 1928 Mwingereza mmoja, Michael Graham, alilipima ziwa lile na kuandika kwamba ngege ndiye samaki muhimu kuliko wote. Hata wakati ule alikuwa ameanza kupungua, kwa sababu ya nyavu za makila zilizoletwa tangu mwaka 1905. Basi serikali ya kikoloni ilipoona ngege anapungua ikaleta wageni. Miaka ya 1950 na mwanzoni mwa 1960 waliletwa sato na sangara. Kwa miaka kama ishirini watu hawakuona jambo kubwa. Halafu miaka ya 1980 sangara akajaa ziwa zima. Furu, wale samaki wadogo wa rangi rangi, wataalamu wanakadiria aina zaidi ya 200 zilipotea. Ngege naye karibu aishe kabisa katika ziwa kubwa.

Alituambia pia upande wa pili, maana yeye si mtu wa kupendelea. Sangara alileta viwanda Mwanza, na minofu ikapelekwa mpaka Ulaya. Wapo waliojenga na kusomesha kwa sangara. Lakini mvuvi mdogo na mama muuza samaki wengi walibaki na mapanki, yaani kichwa na mifupa.

Tukauliza, ngege alikwisha kabisa? Akasema hapana. Alibaki kwenye maziwa madogo ya pembeni, kama Kanyaboli kule Kenya, katika kinamasi cha Yala, ambako sangara hakufika. Hapo mimi niliandika kwa herufi kubwa: MBEGU IMEBAKI PEMBENI.

Jioni ya pili alitueleza Ziwa Nabugabo, ziwa dogo Uganda upande wa Masaka, linalotengwa na Ziwa Victoria kwa ukanda wa mchanga. Nako sangara aliwekwa, mwaka 1960 na tena 1963. Samaki wengi wenyeji wakapotea katikati ya ziwa. Lakini miaka ya 1990 wavuvi walimvua sangara kwa nguvu sana, akapungua, na baadhi ya wenyeji wakaanza kuonekana tena. Walikuwa wapi siku zote? Walijificha kwenye matete na majani ya ukingoni, ambako maji hayana hewa nyingi na sangara hapapendi. Kwa hiyo yale majani tunayoyafyeka na kuyachoma tukilima mpaka ukingoni, ndiyo nyumba ya kujificha ya samaki wetu.

Jioni ya tatu akatueleza Naivasha, Kenya. Huko aliingia samaki anayeitwa karpi, mwenye asili ya Ulaya na Asia, anayefukua matope kama nguruwe hadi maji yanakuwa chai ya maziwa. Inaaminika alitoroka kwenye shamba la samaki mtoni juu wakati wa mvua kubwa. Niliposikia hivyo nilitamani nijifunike kitenge usoni, maana ndiyo habari yetu sisi. Mwanzoni mwa miaka ya 2000 wavuvi wa Naivasha wakaanza kumwona, na baada ya miaka michache ndiye aliyejaza nyavu.

Nikamwuliza, kwa nini wasimtoe wakarudisha wa kwao? Akanijibu, "Mama Mwenyekiti, wamrudishe nani?" Naivasha alikuwa na samaki mmoja tu mwenyeji, mdogo kama dagaa. Mwaka 1929 walikuwa wameshaletwa samaki wala nyama kutoka Marekani kwa ajili ya mchezo wa kuvua kwa ndoano. Yule mwenyeji mdogo alionekana mara ya mwisho mwaka 1962. Leo hata ukimtoa karpi wote, hakuna mwenyeji wa kumrudisha. Neno lile halikuniacha kulala.

Mwisho akatupa moyo kwa habari ya mbali. Marekani, katika jimbo la Utah, kuna ziwa liliingizwa karpi miaka ya 1880. Huko kuna samaki mmoja ambaye asili yake ni ziwa hilo tu, na mwaka 1986 alitangazwa kuwa yu karibu kutoweka. Wakafanya mambo mawili kwa pamoja. Kuanzia mwaka 2009 walilipa wavuvi kuwatoa karpi kwa nyavu, na wakati huo huo walimfuga mwenyeji pembeni na kumrudisha ziwani. Mwaka 2021 serikali yao ilimshusha daraja, kwamba bado yumo mashakani lakini si kama zamani. Kazi ya miaka thelathini na mitano! Na karpi hawajaisha mpaka leo, bado wanatolewa.

Halafu akamalizia na ziwa letu. Mto Momba unashuka Rukwa, na Ziwa Rukwa halina mto unaotoka. Maji yakiingia hayana pa kwendea isipokuwa jua. Basi na kosa likiingia linabaki humo humo.

UAMUZI

Ndugu Mgeni Rasmi, kujua ni jambo moja, na kukubali hasara ni jambo jingine. Nililipeleka jambo kwenye kikao mwezi wa pili 2021. Nilisema tuuze sato wote wa mabwawani, tukaushe, tusafishe na dimbwi la bondeni, halafu tutafute gege wa kufuga. Maana yake mwaka mzima bila mapato ya samaki, na mgao wa mwaka huo upungue.

Kikao kile kilikuwa kirefu kuliko vyote. Mmoja akasema, "Mwenyekiti, ulisaini wewe, sasa tulipe sisi?" Alikuwa na haki. Nikasema mgao wangu wa mwaka huo wote uende kwenye kazi hiyo, na Katibu akaandika. Mwingine akasema sato wapo kila mahali Tanzania hii, hata tukitoa wa kwetu watakuja wa wengine. Naye alisema kweli. Wataalamu wamemkuta sato amesambaa mito na mabwawa mengi ya nchi hii, huku akipelekwa na watu wenye nia njema kama sisi. Nilimjibu kwamba wa wengine nitajibu nikiulizwa, lakini hawa wa dimbwini tuliwaleta sisi.

Tulipiga kura kwa punje za mahindi na maharage. Kumi na wawili walikubali, wanane walikataa, wawili hawakuweka kitu. Baada ya hapo wanachama watano walijitoa. Tuliwapa hisa zao zote bila kukata hata senti. Mmoja kati yao ni rafiki yangu tuliyeanza naye hiki kikundi, tuliyebebana tangu utoto. Hajarudi, na mimi simlaumu, alikuwa na mtoto wa kupeleka shule mwaka ule. Ila binti yake amejiunga nasi mwaka 2023, na leo ndiye mshika ufunguo wa tatu. Mama yake ananisalimia. Tunakwenda polepole.

KAZI YENYEWE

Kwanza tuliandika barua ya kuomba kibali. Bwana Samaki alitusomea kwamba chini ya Sheria ya Uvuvi Na. 22 ya mwaka 2003, samaki hai hahamishwi ovyo kutoka maji haya kwenda maji yale. Tungalijua hilo mwaka 2018 nisingesimama hapa kuungama.

Mabwawa yalikuwa rahisi. Tuliyafungulia kiangazi cha 2021, tukavua wote, tukauza. Kwenye vidimbwi vya tope vilivyobaki tukamwaga chokaa, maana kifaranga cha sato kinaweza kujificha kwenye unyayo wa mtu. Tukaacha jua lipige mpaka udongo ukapasuka. Halafu tukainua kingo kwa dhiraa moja na nusu, tukapanda majani yazishike, tukahamisha mdomo wa kutolea maji, na kila bomba likafungwa wavu wa waya wa matundu madogo.

Dimbwi ndilo lililotutoa jasho. Tulishuka mwezi wa kumi, kijiji kizima, Mwenyekiti wa Kijiji akiwa nasi na Bwana Samaki pia. Tulichota maji kwa ndoo siku tatu mfululizo. Kila samaki aliwekwa kwenye beseni na kuangaliwa mkia. Mwenye mistari kamili alikwenda kwenye chungu. Mwenye mistari nusu naye kwenye chungu, ingawa wengine waliona huruma. Asiye na mistari aliwekwa kwenye pipa la maji safi, akapelekwa bwawa la juu kulelewa. Kambale tuliwaacha kwenye tope lao, wao ni wenyeji na tope ni kitanda chao. Watoto ndio waliokuwa mafundi wa kutambua mikia kuliko sisi wenye macho ya moshi.

Gege wale walikuwa wachache mno kwa mbegu. Kwa kibali, Bwana Samaki alikwenda na vijana wawili sehemu ya juu ya kijito ambako sato hawakupanda, wakaleta wengine kwenye ndoo usiku ili joto lisiwaue. Aliwakagua mmoja mmoja kwa tochi. Mvua ilipoanza na dimbwi likajaa, tulirudisha sehemu ya gege dimbwini, sehemu tukabaki nao mabwawani kama mtaji. Hapo ndipo niliporudia neno langu la mbegu pembeni. Hata sanduku la kikundi tunalifanya hivyo. Hatukopeshi yote, lazima kitu kibaki.

Mwaka 2022 tulishuka tena mwezi wa kumi, sato walikuwa beseni moja. Mwaka 2023 waliohesabika kwa vidole. Mwaka 2024 hatukumwona hata mmoja, na gege walijaza mabeseni matatu. Yule bibi wa mistari aliletwa kwa pikipiki akakaa ukingoni na ungo wake. Aligeuza samaki mmoja baada ya mwingine, akaomba wawili wa kupika, akasema, "Haya." Neno hilo moja. Mimi nililia mbele ya watu na sioni aibu kulisema.

Nisiwadanganye lakini. Tumesafisha dimbwi moja na mabwawa mawili. Mto Momba hatuwezi kuuchota kwa ndoo. Sato tuliowapoteza mwaka 2020 wengine walikwenda, na hao siwezi kuwarudisha. Kila masika wanaweza kupanda tena na maji. Ndiyo maana tutashuka kila mwezi wa kumi na kuangalia mikia, mimi nikiwepo au nisipokuwepo.

Na gege anakua polepole kuliko sato, hilo nalo liandikwe. Mapato ya mabwawa leo yamepungua kidogo kuliko yale ya mwaka 2019. Lakini wanunuzi wanakuja, wanasema ladha ni ile ya zamani, na tumeanza kuwauzia vifaranga vya gege majirani wenye mabwawa. Hiyo ndiyo faida ambayo hatukuitegemea.

MAOMBI YETU

Ndugu Mgeni Rasmi, tunayo maombi machache.

Tunaomba mtaalamu wa uvuvi awe karibu na vijiji, afike kabla bwawa halijajaa maji. Mama mwenye haraka humsikiliza aliye karibu, hata kama ni muuzaji.

Tunaomba wenye mabwawa wote wa bonde hili wainue kingo zao na kuweka wavu kwenye mabomba. Tuko tayari kwenda kusaidiana kwa jembe, kama tulivyosaidiwa.

Tunaomba wanaume wetu na vijana msilime mpaka mdomo wa maji. Acheni majani na matete. Na vyandarua vya mbu vibaki vitandani, vikishuka majini vinabeba hata mayai.

Kwa wanakikundi wenzangu, naomba sheria tuliyoipitisha iheshimiwe hata nikitoka uenyekiti. Mradi wowote wenye kitu kipya, iwe mbegu, mnyama au samaki, tuulize wazee na mtaalamu kabla ya kalamu kushikwa. Na saini ziwe tatu kama kufuli zetu.

MWISHO

Nimalizie kwa kitu nilichokiona kwa macho yangu. Gege jike akishataga hubeba mayai yake mdomoni mpaka yaanguliwe. Siku zote hizo hali vizuri, anakonda. Hata vifaranga vikishatoka, hatari ikija vinarudi kinywani kwake. Tulipokuwa tukichota dimbwi mwaka 2023 nilimshika mmoja, akatema watoto kwenye kiganja changu, wadogo kama punje za ulezi. Niliwarudisha majini pamoja na mama yao, na kikao kizima kilichokuwa na haraka kikanisubiri.

Wanawake wa kikundi hiki wamefunga midomo hivyo hivyo mwaka mzima wa 2021, bila mgao wa maana, ili mbegu ipone. Kwa niaba ya watoto watakaoshuka bondeni na matenga miaka ijayo, nasema asanteni. Na wale waliojitoa, kiti chenu kipo, jamvi bado ni lile lile.

Mungu awabariki, na karibuni chakula. Mboga ya leo ni gege.